Fimbo ya Kusikilizia

Kazi yangu huanza jiji likishachoka kusema.
Saa nane za usiku, Kigogo,
jenereta la mwisho limezimwa,
nami nainama njiani kama mtu aliyeangusha sarafu:
ncha ya chuma juu ya lami,
kikombe cha mti sikioni.
Natafuta maji yaliyopotea.

Ndivyo yanavyoitwa ofisini.
Yalitoka Ruvu yamehesabiwa,
hayakufika kwenye mita ya mtu yeyote,
basi yamepotea.
Mwenzangu Shomvi hushika tochi na daftari,
na huniuliza mambo ambayo mchana angeona haya kuyauliza.

"Huyo Mungu wa baba yako, yuko wapi hasa?"

Baba alikuwa mwadhini wa zamu, Mburahati.
Akipotelewa na ufunguo alitazama juu.
Akipata mshahara alitazama juu.
Shingo yake ilizeeka kabla ya magoti.
Mama, Mluteri wa Kisarawe kabla ya ndoa,
alitazama sufuria,
na kabla ya kufunika wali alinong'ona kitu ndani ya mvuke,
kana kwamba anayeambiwa yumo humo humo.

"Yumo," nikamjibu Shomvi.
"Yumo wapi?"
"Yumo tu. Ndani ya kila kilichopo."
Akamulika chemba ya maji taka,
mfuniko wake waliuiba wauza vyuma chakavu.
"Na humu?"
Harufu ikajibu kwa niaba yangu.

Sina jibu safi. Najua hili tu:
wanaoanza kazi hii hukosea kwa namna moja.
Hubana fimbo sikioni, husikia mvumo, hupiga ukelele, "Hapa!"
Tunachimba. Pakavu.
Walisikia damu yao wenyewe.
Mimi nilifundishwa kuzuia pumzi, kungoja,
kuutenga mto wa mwilini na mto wa chini.
Miaka kumi na tisa sasa,
na bado kuna usiku siwezi kuapa upi ni upi.

Kwa Bi Mwanakombo Pazi, nyuma ya banda la kuku,
fimbo ilinguruma.
Mchicha wake ulikuwa na kijani cha kuutukana ukame.
Akatoka na kanga kifuani, hakutusalimia.
"Nyie mnasema yanavuja," alisema.
"Mimi naona yanafika."

Niliandika. Ndiyo kazi yangu, na nina watoto.
Alhamisi mafundi wakaja,
wakalifunga bomba, wakafukia,
wakaondoka na sururu zao.
Wiki ya pili mchicha ulilala.
Hakuna aliyeniambia; nilipita mwenyewe kuona.
Alikuwa anafua. Akanionyesha kiti cha plastiki kwa kidevu,
akaendelea kufua.

Sikukaa. Kwa mazoea nikaisimika fimbo pale pale,
mchana kweupe, Kigogo nzima ikipiga kelele,
nikazuia pumzi.
Bomba limefungwa, najua, nilisaini kwa mkono wangu.
Mvumo ulikuwapo.
Mwembamba, wa mbali,
au wa karibu kiasi kwamba umbali haukuwa neno lake.

"Kuna nini?"
Nikampa fimbo.
Akaweka sikio, mikono bado ina povu,
akafumba jicho moja kama mtu anayetunga uzi sindanoni.
Alibaki hivyo mpaka povu likamkauka viwikoni.
Kisha akanirudishia fimbo,
akaichukua ndoo ya maji aliyosuuzia nguo,
akaimwaga pale palipokufa mchicha.

Katika daftari la siku ile kuna mstari mtupu.
Kila mwisho wa mwezi Shomvi huniuliza aandike nini hapo.
Namwambia auache.